*SIMU YAKO NI SHAHIDI: TUTUNZEJE USHAHIDI WA KIELEKTRONIKI UFIKE SALAMA MAHAKAMANI*

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
_Maandishi ya mada iliyotolewa na Kitengo cha Sheria kwenye darasa la viongozi wa mashina na mawakala, Singida. Ni ndefu. Isome taratibu, na uihifadhi._



Wengi walioshindwa kufika kwenye darasa kwa sababu ya shamba, mnada au umbali wameomba mada itumwe kwa maandishi. Hii hapa, kama ilivyosemwa.

*1. KWA NINI TUNAZUNGUMZA JAMBO HILI*

Ndugu wajumbe, miaka ya nyuma mtu akidhulumiwa alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili walioona kwa macho. Leo shahidi wa kwanza ni simu. Mkulima wa Mkalama anauza magunia ya alizeti kwa dalali, na makubaliano yote yako kwenye meseji. Mama wa vitunguu anatuma mzigo, anaahidiwa malipo kwa sauti ya WhatsApp. Kijana anaitwa polisi kwa maneno aliyoandika kwenye grupu. Wakala wa chama anapiga picha ya fomu ya matokeo.

Ukweli wanao. Shida inaanza pale ukweli huo unapotakiwa kuvuka mlango wa mahakama. Simu imeuzwa. Laini imesajiliwa kwa jina la shemeji. Meseji zilifutwa ili kupunguza nafasi. Video imebaki ile iliyofowadiwa mara kumi, na hakuna anayejua nani aliirekodi. Hakimu hawezi kuhukumu kwa kusema "kila mtu kijijini anajua". Atauliza: kimetoka wapi, kimetunzwa na nani, nitajuaje hakijaguswa?

Mada yetu ya leo inajibu maswali hayo matatu.

*2. SHERIA INASEMAJE*

Zamani mahakama zetu zilisita kupokea karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, kwa sababu Sheria ya Ushahidi ya 1967 ilitaka nyaraka halisi. Mlango ulianza kufunguka kwenye Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, shauri namba 4 la mwaka 2000. Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za benki zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta, akaona mahakama haiwezi kuyafumbia macho mapinduzi ya teknolojia. Mwaka 2007 Bunge likarekebisha sheria, lakini ushahidi wa kielektroniki kwa ujumla uliruhusiwa kwenye makosa ya jinai tu, na kumbukumbu za benki zikapewa kifungu chake. Katika madai ya kawaida bado palikuwa na ubishi. Ndiyo maana kwenye kesi ya Lazarus Mafie iliyosikilizwa Arusha, shauri la biashara namba 10 la 2008, Jaji Makaramba alilazimika kuchambua kwa kina kama barua pepe zinapokelewa au hazipokelewi.

Ubishi huo ulipungua sana mwaka 2015. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13 ya mwaka huo, inasema ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Iliongeza pia kifungu kwenye Sheria ya Ushahidi, ili mlango uwe wazi kwenye mashauri ya jinai na ya madai.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Kupokelewa ni jambo moja, kuaminiwa ni jambo la pili. Kifungu cha 18 cha sheria ile kinamtaka hakimu, anapoupima ushahidi huo, aangalie mambo haya:

▪️ Je, namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyotumwa inaaminika?
▪️ Je, namna uzima wake ulivyolindwa inaaminika, yaani haukuongezwa wala kupunguzwa?
▪️ Aliyeitoa taarifa ametambuliwaje?
▪️ Na jambo jingine lolote linalohusika.

Mawakili wengi huambatanisha kiapo kinachoeleza taarifa ilitoka kwenye kifaa gani, kifaa kilikuwa kinafanya kazi vizuri, na nani alikitunza. Ukimpelekea wakili wako maelezo hayo mapema, umemrahisishia nusu ya kazi.

Angalizo mbili. Kwanza, namba ya kifungu niliyotaja ni ya sheria ilivyopitishwa. Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limebadilisha namba katika sheria nyingi, kwa hiyo hakikisha namba mpya kabla ya kuandika kwenye hati. Pili, Sheria ya Ushahidi haitumiki Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina kanuni zake za ushahidi. Hata hivyo maswali ya hakimu ni yale yale: kimetoka wapi, nani amekitunza.

*3. MNYORORO USIKATIKE*

Mahakama ya Rufani, ikikaa hapo jirani Dodoma, ilitoa uamuzi ambao kila wakili wa jinai anaujua: Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Kiini chake ni kwamba kielelezo lazima kiwe na maandishi yanayoonyesha kwa mpangilio wa wakati nani alikikamata, nani alikipokea, alikiweka wapi, alimkabidhi nani, nani alikipima, hadi kilipofika mahakamani. Wanasheria wanauita mnyororo wa utunzaji.

Kwa simu na flashi, mnyororo una uzito zaidi, kwa sababu faili hubadilika bila kuacha kovu. Gunia likitobolewa utaona punje zimemwagika. Video ikikatwa sekunde tano, jicho la kawaida halioni.

Wana Singida tumelishuhudia hili kwa karibu katika kesi ya uhaini iliyofunguliwa Aprili 2025 dhidi ya Ndugu Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi. Hatuingii kwenye ukweli au uongo wa mashtaka, hiyo ni kazi ya mahakama. Tunachojifunza ni njia. Shtaka linahusu maneno yanayodaiwa kusemwa Dar es Salaam tarehe 3 Aprili 2025 na kusambaa kwa video. Kesi ilipoanza kusikilizwa Oktoba 2025 mbele ya majaji watatu wa Mahakama Kuu, mshtakiwa akijitetea mwenyewe, mabishano makubwa yalikuwa juu ya picha jongefu, flashi na memori kadi: nani anaruhusiwa kuzitoa, kwa utaalamu gani, na kwa kifungu kipi. Hata Jamhuri yenye wataalamu na maabara hubanwa kwa maswali hayo. Sembuse mimi na wewe wenye simu moja ya kupangusa?

*4. MAMBO KUMI YA KUFANYA*

*Moja.* Tunza kifaa chenyewe. Simu iliyorekodi ni bora kuliko nakala yoyote. Usiiuze, usiibadilishe, usiirudishe kiwandani mpaka shauri liishe. Ukihitaji simu ya kutumia, azima nyingine.

*Mbili.* Hakikisha saa na tarehe ya simu ni sahihi leo, kabla ya tukio lolote. Video ya asubuhi inayosomeka usiku wa manane inampa wakili wa upande wa pili kazi rahisi.

*Tatu.* Usihariri kitu. Usikate, usiweke maandishi, usizungushie duara jekundu. Ukitaka kuonyesha sehemu fulani, tengeneza nakala, ya kwanza iache ilivyo.

*Nne.* Skrinishoti peke yake ni dhaifu, maana mtu anaweza kuitengeneza kwa dakika mbili. Tunza mazungumzo yenyewe kwenye simu. Pamoja na hayo, tumia sehemu ya WhatsApp ya kuhamisha mazungumzo yote, upate faili lenye tarehe na saa tangu mwanzo. Hakimu anataka kuona yaliyotangulia na yaliyofuata, asiletewe mstari mmoja uliochomolewa.

*Tano.* Zima meseji zinazojifuta zenyewe kwenye mazungumzo yenye makubaliano ya fedha, ardhi au mali.

*Sita.* Ukimtumia mtu picha au video ya ushahidi kwa WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha ya kawaida, programu huibana na kuondoa taarifa za ndani kama vile saa na aina ya kamera.

*Saba.* Weka nakala mbili: moja kwenye flashi mpya isiyo na kitu kingine, nyingine mahali tofauti. Mwenye uwezo amwombe fundi wa kompyuta atoe alama ya faili, ambayo wataalamu huiita hashi. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Ukibadilisha hata nukta moja, alama hubadilika kabisa. Iandike kwenye karatasi, mweke saini wewe na fundi, na tarehe. Miaka miwili baadaye alama ikitoka ile ile, umethibitisha faili halijaguswa.

*Nane.* Fungua daftari. Andika: nilirekodi mimi, tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, kwa simu aina fulani. Namba ya utambulisho wa simu utaipata kwa kupiga nyota, alama ya reli, 06, alama ya reli. Kila ukimkabidhi mtu simu au flashi, muweke saini wote wawili. Daftari la shule la kawaida linatosha, huo ndio mnyororo wako.

*Tisa.* Tambua shahidi wako. Video haijisemei yenyewe. Aliyeirekodi aje aseme "mimi nilikuwepo, mimi nilishika simu". Ukipokea video kwenye grupu, kabla hujashangilia, mfuatilie aliyeituma, naye amfuatilie aliyemtumia, mpaka mumpate mwenye simu. Mwombe atunze faili halisi na aandike maelezo yake siku hiyo hiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

*Kumi.* Miamala ya fedha: tunza meseji yenye namba ya muamala, na omba taarifa rasmi ya laini yako kutoka kwenye mtandao wako. Taarifa inayotoka kwa kampuni isiyo na upande kwenye ugomvi, iliyotunzwa katika kazi yake ya kila siku, sheria huichukulia kuwa halisi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

*5. KUDAI KILICHO MIKONONI MWA UPANDE WA PILI*

Sehemu hii wengi hawaijui, na ndiyo inayowapotezea haki. Watu hudhani ushahidi ni ule ulio nao wewe tu. Hapana. Kwenye shauri la madai, Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakuruhusu kuiomba mahakama iuamuru upande wa pili utaje kwa kiapo nyaraka ulizonazo, na ukuruhusu uzikague. Nyaraka hizo ni pamoja na barua pepe, kumbukumbu za kompyuta na rekodi za malipo. Akikaidi amri, mdai anaweza kufutiwa shauri lake na mdaiwa anaweza kufutiwa utetezi wake.

Tuchukue mfano wa alizeti. Dalali anakana hajapokea magunia. Kwenye simu yako meseji zimepotea, lakini kwenye simu yake zipo. Omba azionyeshe. Na sheria ya 2015 inakusaidia zaidi: taarifa iliyotunzwa na mpinzani wako, ukiitumia dhidi yake, huchukuliwa kuwa halisi mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Rekodi za simu za mtu mwingine je? Usimhonge mfanyakazi wa kampuni akutolee. Hilo ni kosa kwake na kwako, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Iombe mahakama itoe wito kwa kampuni ilete kumbukumbu. Kampuni hazitunzi kila kitu milele, kwa hiyo omba mapema.

Faragha hiyo inalinda hata sisi. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kuhusu shauri la ajira lililosikilizwa London. Mchunguzi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa mmiliki wa Tigo wakati ule, alidai aliondolewa kazini baada ya kuhoji namna taarifa za simu za Ndugu Lissu, zikiwamo za mahali alipo, zilivyopelekwa serikalini wiki chache kabla ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Hayo ni madai ya upande mmoja wa shauri, tuyaseme hivyo hivyo. Lakini tazameni: jambo la Dodoma la 2017 lilijulikana kupitia karatasi za shauri la mfanyakazi London, miaka saba baadaye. Nyaraka zikilazimishwa kutoka, hutoka.

Kwenye jinai, mshtakiwa ana haki ya kujua ushahidi utakaoletwa dhidi yake. Kesi inayokwenda Mahakama Kuu, kabla ya kuhamishwa, husomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo. Kama kuna video au sauti, sema tangu mapema unataka kuiona na kupata nakala. Ukinyamaza, utaiona mara ya kwanza siku ya kuhojiwa.

*6. SOMO KUTOKA KENYA: MAHAKAMA MOJA, MATOKEO MAWILI*

Mwaka 2017, kwenye kesi ya urais, Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru tume ya uchaguzi tarehe 28 Agosti iwape walalamikaji nafasi ya kukagua seva zake. Tume haikutekeleza ipasavyo. Majaji walio wengi wakachukulia ukaidi huo kuwa dhidi ya tume, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa kwa majaji wanne dhidi ya wawili.

Mwaka 2022 walalamikaji walirudi na hoja za kielektroniki tena. Safari hii, kumbukumbu za kompyuta zilizowasilishwa kwa viapo vya baadhi yao zilionekana ni za kughushi au zisizopokeleka. Tarehe 5 Septemba majaji wote kwa kauli moja wakatupa maombi.

Mahakama ni ile ile, na sheria ni ile ile. Mara ya kwanza walalamikaji waliomba kuonyeshwa, upande wa pili ukaficha. Mara ya pili walileta kisichothibitika. Uongo mmoja ukiingia kwenye faili huuchafua hata ukweli uliokaa pembeni yake.

Kwa hiyo tawi linasema wazi: mtu yeyote akileta picha ya fomu iliyohaririwa, au sauti iliyounganishwa, hata kama inatufaa sisi, hatutaipokea. Siku hizi kuna programu za kutengeneza sauti ya mtu akisema asichosema. Tukizoea kusambaza vitu hivyo, siku tutakapokuwa na kitu cha kweli hakuna atakayetuamini.

*7. KWA MAWAKALA*

Picha ya fomu ya matokeo ni nakala. Nguvu iko kwenye fomu yenyewe yenye saini na mhuri. Dai nakala yako, iweke kwenye bahasha, usiikunje mfukoni na tumbaku. Heshimu maelekezo ya msimamizi kuhusu simu ndani ya chumba cha kura. Kama hairuhusiwi, usipige, maana ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria unakugeuka. Fomu zinazobandikwa nje piga picha nzima, pembe zote nne zionekane, kisha piga nyingine inayoonyesha jengo. Muda wa kufungua shauri la kupinga matokeo ya ubunge huhesabiwa kwa siku. Ukikaa wiki tatu ukitafuta nani alipiga picha, umechelewa.

*8. SIMU IKICHUKULIWA*

Usigombane na askari. Usifute chochote, kwa sababu kuvuruga upelelezi ni kosa linalojitegemea. Mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alishtakiwa Desemba 2016 kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao baada ya mvutano na polisi juu ya taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, faini shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Wapo waliomwona shujaa wa faragha, na mahakama ikaona vingine. Funzo kwetu ni kwamba ukatae au ukubali, fanya hivyo ukiwa na wakili.

Omba haya kwa upole: hati ya ukamataji mali yenye aina ya simu, namba yake ya utambulisho, laini na memori kadi, saini yako, ya askari na ya shahidi, jina na kituo cha askari. Kumbuka hali ya kioo, na kama simu ilikuwa imezimwa au inawaka. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla ya kutoa maelezo. Hati hiyo ikikosekana au ikitofautiana na simu itakayoletwa mahakamani, mnyororo wao una swali.

Na laini zetu, ndugu zangu. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ikitumiwa na kijana wa bodaboda, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kila mtu asajili yake.

*9. TUNAFANYA NINI KUANZIA LEO*

▪️ Kila shina liteue mtu mmoja wa kutunza daftari la vielelezo. Awe anayeandika vizuri na asiye na maneno mengi.
▪️ Wasimamizi wa magrupu waache kufuta meseji za grupu pale mgogoro unapotokea.
▪️ Mwenye shauri linaloendelea, la ardhi, mkopo, mirathi au jinai, alete orodha ya alivyo navyo kwenye kitengo, *asilete simu kwenye grupu*. Usiweke ushahidi wako hadharani kabla ya kuonana na wakili.
▪️ Hukumu nilizotaja zinatafutwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Vijana wenye bando wasaidieni wazee kusoma.
▪️ Asiye na uwezo wa wakili awaone wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika wilaya yake. Huduma yao ni bure kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Ndugu wanachama, haya hayahusu chama peke yake. Mama anayedai fedha ya vitunguu hana muda wa kusubiri uchaguzi. Kijana aliye rumande anahitaji daftari lenye saini kuliko kelele zetu mtandaoni. Tukijifunza kutunza, hakimu atapata cha kusoma, na mwenye haki ataipata.

Maswali yapelekwe kwa viongozi wa mashina, yatajibiwa kwenye kikao kijacho. Tafadhali tuma taarifa hii nzima, usiikate wala kuiongezea.

*Imetolewa na:*
Ofisi ya Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kitengo cha Sheria
Singida